Kidude cha Kidoleni

Nesi Eliwaza alizikwa Jumanne mchana, na mimi nilifika Ulemo Jumatano. Habari zilinikuta Ikungi, nimelala chali chini ya mashine ya kuchemshia vifaa vya upasuaji, simu nimeiacha kwenye begi. Nilipokuja kuishika ilikuwa jioni na usafiri umekwisha. Kwa hiyo nilikuta turubai linafunguliwa, wanawake wanasugua masufuria kwa majivu, na kaburi limeshawekewa mawe. Binti yake mkubwa, ambaye zamani nilimfahamu kwa picha tu, alinipa chai ya rangi na kiazi kitamu, akanionyesha chumba cha kuweka mzigo wangu. Nilikaa kitandani na kile kikombe mpaka chai ikapoa. Watu wengi pale msibani walimfahamu marehemu kama mkunga aliyewapokea watoto wao, na walikuwa wanahesabiana: wewe alikupokea, na wewe, na huyu mwanao. Mimi hakunipokea kwa maana hiyo. Nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na tisa, nikakaa mwaka mmoja. Kazi ninayofanya leo, ya kufungua na kutengeneza mashine za hospitali, ilianzia kwenye meza yake ya kulia chakula.

Nilitoka Manyoni na cheti cha kidato cha nne chenye F ya fizikia. Sikuionea aibu sana F ile kwa kuwa karibu darasa zima tulikuwa nayo. Mwalimu wa somo lile alihama tukiwa kidato cha pili, na hatukupata mwingine. Kwenye zahanati ndogo, kati ya Misigiri na Ulemo, walikuwa wanatafuta mhudumu, yaani mtu wa kupiga deki, kuchemsha vifaa, kupima uzito wa watoto na kuandika kadi. Nikachukuliwa. Chumba sikuwa nacho, kwa hiyo Nesi Eliwaza akanipa kimoja katika nyumba yake ya watumishi, nyuma ya zahanati, kile cha upande wa upepo. Bati lake liligongagonga kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, yeye akifumba macho kuomba, mimi nikisema bismillahi, halafu tunaanza kunyang'anyana ukoko. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye tabia moja iliyonisumbua mwanzoni: hakuweza kuacha kitu kipite bila kukiuliza. Ukimwambia sukari imepanda bei, atauliza nani kasema. Ukimwambia mtoto ana kilo tisa, atauliza mizani iliwekwa wapi. Ile mizani mpya ya umeme wa betri ilikuwa imeshamdanganya mara moja, baada ya mtu kuiweka kwenye meza iliyoyumba, na mtoto mzima akaandikwa kuwa ana utapiamlo. "Mimi nilifundishwa kusoma namba," aliniambia. "Namba inatoka wapi, hilo sikufundishwa. Na ndiyo hapo tunapoumbuka."

Mwezi wa nne walikuja wageni wa kupima macho, wakakaa siku mbili. Walipoondoka waliacha kiboksi kidogo. Ndani yake kulikuwa na kitu kinachofanana na kibanio cha nguo, rangi ya bluu, chenye kioo kidogo mgongoni. Ukikibana kidoleni kinaonyesha namba mbili: moja mapigo ya moyo, nyingine kiasi cha oksijeni kwenye damu, kwa asilimia. Wauguzi wa mjini wana jina lake refu; sisi tulikiita kidude. Nesi alikibana kidoleni mwake, akapata tisini na saba. Akakibana kwenye changu. Hakikusema kitu. Kilionyesha mistari tu, kikazima. Akarudia. Mistari.

"Umekufa lini, Mwajuma?" akaniuliza.

Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa wasiwasi. Tukajaribu kidole cha mguu, kikasema tisini na nane. Sasa inakuwaje mtu awe hai mguuni na mfu mkononi? Tulikaa pale tumekodolea macho kidole changu mpaka Nesi akashika mkono wangu na kuusogeza dirishani. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimetoka kwenye harusi ya binamu yangu, na vidole vyangu, kuanzia kucha hadi kiungo cha kwanza, vilikuwa vimepakwa piko jeusi. "Hiki kitu kinaangalia," alisema Nesi. Alisema taratibu, kama mtu aliyemgundua mwizi. "Kinaangalia, na wewe umekifunga macho."

Nadhani mwaka wangu ulianza siku ile. Nimewahi kusoma vitabu vingi baadaye, na nimekaa darasani mbele ya walimu wenye shahada, lakini sijawahi tena kuona mtu akilifikia jambo hivyo, kwa kushika mkono wa mwenzake na kuupeleka kwenye mwanga. Tulifungua kibanio tukachungulia. Upande wa juu kulikuwa na kitaa chekundu, upande wa chini kipande cheusi kinachong'aa. Nesi alinipeleka kwenye stoo ya dawa, tukafunga mlango saa sita mchana ili kuwe giza, akawasha tochi na kuiziba kwa kiganja. Mkono wake ukawaka mwekundu, vidole vikaonekana kama makaa. Kila mtoto aliyewahi kushika tochi amefanya hivyo, mimi mwenyewe nilifanya mara nyingi, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini ni mwekundu na si wa kijani. Mwanga wa tochi ulikuwa mweupe. Uliingia mweupe, ukatoka mwekundu. Rangi nyingine zilibaki wapi?

Aliyetujibu ni Mwalimu Shila, aliyefundisha fizikia kwenye sekondari ya kata. Alikuja kila Ijumaa kupima presha, mzee mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, na kila mara presha yake ilipanda akisimulia wanafunzi wake. Nesi alimwambia presha itasubiri, kwanza atueleze kidude. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akavaa miwani, akakigeuzageuza. Uso wake ulibadilika. Nilikuja kuuelewa uso ule baadaye: ni wa mtu aliyefundisha jambo kwa miaka ishirini bila hata siku moja kulishika mkononi.

"Damu iliyobeba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa," alisema. "Isiyobeba imeiva zaidi, inakaribia zambarau. Ukipitisha mwanga mwekundu, ile ya kung'aa inauacha upite. Ile nyeusi inaumeza. Upande wa pili kuna jicho, linapima ni kiasi gani kimefika. Basi."

"Basi tu?" nilisema. "Na mtu mnene je? Na mwembamba? Na mtoto? Kidole kinene si kitameza zaidi?"

Mwalimu Shila alinitazama juu ya miwani. "Wewe ulipata nini fizikia?"

"F, Mwalimu."

"Aliyekupa F hakukuuliza maswali mazuri." Akaeleza kwamba ndani ya kibanio kuna taa ya pili, isiyoonekana, ambayo mwanga wake damu zile mbili zinaupokea kinyume na zinavyoupokea ule mwekundu, na kidude kinalinganisha taa mbili hizo badala ya kuamini moja. Nilimwambia taa isiyoonekana siwezi kuiamini. Hakukasirika. Ijumaa iliyofuata alitupitisha kwenye mgahawa wa Misigiri, akaomba rimoti ya televisheni, akatwambia tuitazame kwa mbele anapobonyeza. Hatukuona kitu. Kisha akaelekeza kamera ya simu yangu kwenye rimoti, akabonyeza tena, na kwenye kioo cha simu ikawaka nukta nyeupe yenye zambarau. Tukatoa simu: hakuna. Tukarudisha: ipo. Mama mwenye mgahawa aliacha chapati ziungue. Wateja wawili walitoa simu zao, na kwa muda wa nusu saa rimoti ile ilizunguka meza zote kama kitoto kichanga, kila mtu akitaka kuona mwanga uliokuwa umekaa nyumbani kwake miaka yote akikalia kochi bila kuuona.

Jibu la kidole kinene lilikuja mwisho kabisa, njiani tukirudi. "Ngozi yako haipigi," alisema Mwalimu. "Kucha haipigi, mfupa haupigi. Kinachopanda na kushuka ni damu inayosukumwa na moyo. Kidude hakijali kile kilichotulia. Kinaangalia kinachocheza tu." Niliandika yote hayo usiku ule ule kwenye daftari la mistari, kwa maneno yangu, na kuanzia hapo nikawa mtu wa kuogopwa. Kila aliyekuja zahanati, awe na jino, awe na mba, alibanwa kidole na kupewa maelezo. Nesi aliniacha. Kupitia ukuta wa mbao uliotenganisha stoo na chumba cha kusubiria niliwasikia wanawake wakiniita "yule binti wa kidude", na nilipenda. Nilikuwa nimeanza kukiamini kile kitu kuliko nilivyoamini macho yangu.

Mwezi wa saba, kipindi ambacho upepo wa kule unakata masikio, walikuja asubuhi kabla sijamaliza kupiga deki. Mbele alikuwa kijana anayeitwa Elia, amembeba mtoto wa kike wa miaka sita, kichwa kimelala begani. Nyuma yake dada yake, Mama Neema, akishikiliwa na majirani wawili, anatapika njia nzima. Jirani mwingine alimbeba mtoto mchanga wa Mama Neema, aliyekuwa analia kwa nguvu, na Nesi aliposikia kile kilio alisema, "Huyo afadhali." Tulimlaza Neema. Hakuwa na homa. Kipimo cha malaria kilisema hana. Alipoitwa alifungua macho nusu na kuyafumba. Nilibana kidude kidoleni mwake, na namba ilipotokea niliitamka kwa sauti kama mtu aliyeshinda.

"Tisini na tisa, Nesi! Hewa anayo ya kutosha."

Kwenye kona tulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, uliobaki robo. Nesi alikuwa ameshaweka mkono kwenye koki. Alinitazama, akatazama namba, akaondoa mkono. "Basi tusiumalize kwa asiyeuhitaji," alisema, akaanza kutafuta mshipa wa dripu. Nimelirudia tukio lile kichwani miaka hii yote. Mkono wake ulikuwa kwenye koki, na ni sauti yangu iliyouondoa.

Elia hakuwa na shaka na ugonjwa. "Ni sumu," alisema, wazi, mbele ya wote. Jana yake jioni mama mkwe wa dada yake, Bibi Tabu, alikuwa amewaletea sufuria la makande. Mume wa Mama Neema alikuwa machimboni, na bibi na mkwewe walikuwa hawaelewani tangu nyumba mpya ijengwe, kwa kuwa bibi alitaka wabaki kwenye kiwanja cha zamani karibu naye. Walikula, wakalala, na asubuhi Elia alivunja kitasa akawakuta hivyo. "Hata kuku kafa," alisema. "Kuku mwenye vifaranga, ndani. Sasa mnataka ushahidi gani?" Akatoka nje na simu sikioni, na haikupita muda uwanja wa zahanati ukajaa watu, na mgambo wawili wakafika na fimbo zao.

Bibi Tabu alikuja mwenyewe. Hakuitwa. Alikuwa amesikia wajukuu wanaumwa, akaja na kibuyu cha uji. Nilimwona kupitia dirisha la stoo: bibi mdogo wa umbo, kaniki kuukuu, miguu imejaa vumbi. Walimzuia pale kwenye mlango wa uzio wakamketisha chini. Mtu alimwaga ule uji. Alikuwa akisema jambo lile lile tena na tena kwa Kinyiramba, lugha ambayo mimi mtu wa Manyoni sikuijua, lakini sauti yake haikuwa ya kujitetea. Ilikuwa ya kuuliza. Baadaye niliambiwa alikuwa anauliza, "Mtoto ameamka?"

Nesi aliingia stoo akafunga mlango. Alikuwa anahema. "Mwajuma, kuna kitu hakikai. Kuku huyo, nimemuuliza Mama Neema, alikuwa amefunikwa kwenye tenga. Hakupewa makande. Na Mama Neema mwenyewe tangu nimemweka barazani, kwenye upepo, kutapika kumepungua, kichwa kinaachia. Sumu ya chakula haiondolewi na upepo. Ingekuwa ni hewa, ningeelewa. Lakini kidude kinasema hewa ipo. Hebu nieleze tena kinajuaje."

Nilianza kama nilivyozoea: taa nyekundu, taa isiyoonekana, jicho, damu inayong'aa inaacha mwanga upite...

"Ngoja. Oksijeni yenyewe kinaiona?"

"Hapana. Kinaona rangi."

"Rangi tu?"

"Rangi tu, Nesi." Mpaka hapo nilikuwa nimeeleza maneno yale kwa watu mia na sikuwa nimewahi kuyasikia.

"Kwa hiyo damu ikibeba kitu kingine, mahali pa oksijeni, na kitu hicho kikaifanya nyekundu vilevile?"

"Kitasema tisini na tisa."

Nesi Eliwaza alishika rafu ya dawa. "Chuoni tulikuwa na mwalimu wa kike," alisema, "alituambia wanaokufa kwa hewa ya mkaa midomo yao huwa myekundu kama ya mtu aliyepaka rangi. Tukacheka." Hakumaliza. Alifungua mlango, akaenda barazani akachuchumaa mbele ya Mama Neema. "Jiko lilikuwa wapi jana?"

"Ndani, Nesi. Si baridi? Kila mtu anaweka ndani."

"La mkaa?"

"La mkaa."

"Na dirisha?"

"Niliziba kwa kiroba. Upepo ulikuwa unaingia."

Kila mtu aliweka jiko ndani, ni kweli. Lakini kila mtu alilala kwenye nyumba ya udongo na nyasi, au kwenye bati lililoachana na ukuta, ambako moshi na hewa vilipita vinavyotaka. Nyumba mpya ya Mama Neema ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imepigwa plasta, dirisha la kioo na mlango wa chuma unaofunga barabara. Ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote katika kitongoji kile. Mkaa uliowaka humo ndani ulikula hewa ukatoa hewa nyingine, isiyo na rangi wala harufu, ambayo damu inaipenda kuliko oksijeni. Inaikumbatia, haiiachii, na inang'aa kwa wekundu wakati mwenyewe anazimia. Nilifungua koki ya mtungi kwa mikono yangu. Tulimfunga Neema barakoa, na Nesi akanituma kumkimbilia mfanyabiashara wa alizeti aliyekuwa anapakia gari lake barabarani, awapeleke hospitali ya wilaya. Mtu yule alishusha magunia yake bila kuuliza.

Niliporudi, Nesi alikuwa uwanjani anazungumza na mgambo, na Elia alikuwa anapiga kelele. "Kidude hicho hicho! Asubuhi mmesema mtoto ana hewa, nimesikia kwa masikio yangu! Sasa mnasema hana hewa! Mnamlinda huyu bibi!"

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonifanya nisogee. "Mimi ndiye niliyesema," nilimwambia. "Si Nesi. Kidude kilionyesha rangi ya damu, mimi nikasema ni hewa. Nilikosea." Watu walinyamaza. Nadhani hawakuwa wamezoea kusikia mtu wa zahanati akisema neno hilo. Elia alinitazama kama anayetaka kunipiga. Nesi akatumia ukimya ule ule.

"Elia mwanangu," alisema kwa upole, "ulipovunja mlango ulikaa mle ndani muda gani?"

"Nilikaa. Nilikuwa nawaamsha. Nikawavalisha."

"Kichwa hakikuumi?"

"Kinauma. Kinauma tangu asubuhi. Ni hasira."

"Na kichefuchefu?"

"Kidogo."

"Ulikula makande?"

Hakuwa amekula. Jana yake jioni hakuwa hata pale, alikuwa Misigiri. Alisimama katikati ya watu wote wale na jibu likimfikia polepole, akaweka mkono kwenye paji la uso wake, kana kwamba maumivu yale ni mapya. Kisha alikwenda akakaa chini, si karibu na Bibi Tabu, lakini usawa mmoja naye, na mgambo mmoja akaokota kibuyu kilichomwagwa akakiweka vizuri, kikiwa kitupu.

Neema alirudi baada ya siku tisa. Kwa muda alikuwa mzito wa maneno. Ukimuuliza jambo alikutazama kwanza, kama anayetafuta mahali alipoliweka, na mama yake alilia kila alipomwona akifanya hivyo. Mpaka alizeti zinapandwa mwishoni mwa mwaka alikuwa anakimbizana na wenzake, na mtu asiyejua asingetambua. Nilijua mimi, na nilimwangalia kila alipopita. Mwalimu Shila nilipomweleza alisema kwamba katika maelezo yake yote hakuwahi kufika huko, kwamba kitabu chake hakikuwa na ukurasa huo. Kisha akaniletea vitabu vyake vya kidato cha tatu na cha nne, na kila Ijumaa baada ya presha tulisoma. Nilirudia mtihani nikapata B.

Elia na Bibi Tabu hawakupatana kama watu wanavyopatana kwenye hadithi. Alimwamkia shikamoo njiani, bibi akaitikia marahaba, ikaishia hapo. Bibi hakupeleka tena chakula kwenye nyumba ile mwaka wote niliokaa. Mama Neema alimwendea mara mbili na kanga mpya, na mara zote mbili bibi alimkaribisha, akampa kigoda, akazungumza naye vizuri, na kanga akamrudishia. Zamani nilifikiri ukweli ukijulikana jambo limekwisha. Pale niliona kwamba ukweli ulimwondoa bibi chini pale uwanjani, na yaliyobaki ulimwachia yeye mwenyewe.

Lakini zahanati alikuja. Ilikuwa mwezi wa kumi, siku ya kliniki, foleni imefika nje. Aliingia, tukamwamkia, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa na kusema kwa Kiswahili chake cha shida kwamba haumwi. Anataka kuona kile kitu kilichosema mjukuu wake ni mzima. Nilikitoa kwenye kiboksi nikamwekea kiganjani. Akakitazama kwa muda.

"Haka?" aliuliza.

"Haka, Bibi."

"Kadogo hivi." Alikifungua na kukifunga mara mbili kama mdomo wa kifaranga, kisha akanyoosha kidole. "Nibane. Halafu uniambie mle ndani kuna nini. Yote."

Niliangalia foleni. Niliangalia Nesi Eliwaza. Nesi aliwaambia wale akina mama wasubiri, akavuta kigoda akakaa kati yetu, akaanza kutafsiri. Nilisema damu, akasema. Nilisema taa nyekundu, akasema. Nilipofika kwenye taa isiyoonekana alitafuta neno kwa Kinyiramba, nikaona amelikosa. Halafu akazungumza kwa kirefu, mara tatu ya nilichokuwa nimesema mimi, akisogeza kiganja taratibu kuelekea uso wa bibi kisha akikirudisha. Nilimuuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia ni kama ukikaa karibu na jiko umefumba macho," alisema Nesi. "Huoni kitu, lakini shavu lako linajua."

Bibi Tabu alikuwa ameukazia macho ule wekundu uliokuwa unapenya kwenye kidole chake. Hakuyaondoa. Alinigusa goti kwa mkono wa pili.

"Endelea," akasema.